Meja Lionel Harcombe na Watu Tisa wa Kithangone

Marehemu ana wasifu mbili leo. Ule wa Kiingereza mmeusikia kutoka kwa mwanawe, Patrick. Huu wa Kiswahili umeandikwa na mkwe wake, Kawira, kwa ajili ya waumini wenzake waliofika kutoka Liverpool, Minto na Seven Hills, vitongoji vya hapa Sydney, na kwa ajili ya ndugu walioko Kithangone, Meru, ambao wanasikiliza kwa simu. Huu si tafsiri ya ule.

Meja Lionel Edmund Harcombe alizaliwa tarehe 19 Februari 1929 karibu na mji wa Hereford, Uingereza. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Kanali Edmund Harcombe na mkewe Beatrice. Nyumba yao ilikuwa na zizi la farasi kumi na mmoja, na marehemu alipenda kusema kwamba alijua kupanda farasi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba yake alimkataza kulia mezani. Hayo mawili aliyasimulia mara moja tu, akamaliza kwa kusema kuwa hayakumdhuru. Waliokuwapo jikoni siku hiyo walitazamana.

Alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba. Huko alijifunza Kilatini, ndondi, na kunyamaza. Mwaka 1947 aliingia chuo cha maofisa wa jeshi, na miaka miwili baadaye alipokelewa katika kikosi cha wapanda farasi ambacho baba yake na babu yake walikuwa wamekitumikia. Lakini zama zilikuwa zimegeuka. Farasi walikuwa wamebaki wa gwaride, na vitani kikosi kilitumia magari ya deraya. Marehemu aliyachukia magari hayo mpaka mwisho. Alisema gari halijui linapokwenda. Kitu kimoja alichokishika kutoka chuoni ni kupima. Alipima kila kitu: upana wa mto, kimo cha ukuta, umbali wa lango hadi kisima. Vipimo vyote aliviandika katika daftari ndogo zenye jalada jeusi, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa askari.

Mwezi Septemba 1953 alifika Kenya, akiwa kapteni wa miaka ishirini na minne, katika vita vya Mau Mau ambavyo Waingereza waliviita Hali ya Hatari. Kule Meru, magari ya deraya yalizama kwenye matope ya pembezoni mwa msitu, naye akapata alichokuwa akikitamani. Aliomba farasi ishirini na wawili kutoka kwa masetla, akajenga kambi na zizi refu pale Kithangone, akaanza doria kando ya msitu. Watu wa kijiji walikuwa wameshaondolewa mashambani mwao na kurundikwa nyuma ya handaki lenye miti iliyochongwa. Hawakulijua jina la Harcombe. Askari waliotoka pwani walimwita Bwana Mluzi, na jina hilo ndilo lililobaki.

Mluzi wake ulikuwa wa midomo, mmoja mrefu na miwili mifupi. Ukisikika, kila mtu kijijini, mzee kwa mtoto, alipaswa kukaa chini palepale alipo, awe matopeni au kando ya moto, na kuweka mikono kichwani. Aliyechelewa alipitiwa na farasi. Mama mmoja aliyekuwa na chungu cha uji mikononi alikaa nacho mpaka kikamwagikia mapajani, kwa sababu mikono ilitakiwa kichwani.

Tarehe 14 Machi 1954, siku ya Jumapili, mluzi ulipigwa wakati watu wakitoka ibadani. Wanaume waliketishwa mstari mmoja. Mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho alipitishwa mbele yao, akaitikia kwa kichwa mara tisa. Watu tisa waliondoka wamefungwa kamba moja, nyuma ya farasi. Mmoja wao alikuwa M'Ringera, fundi wa mizinga ya nyuki, aliyekuwa na mke na binti mmoja wa miaka saba aitwaye Nkirote. Taarifa ya kambi ilisema kwamba watu hao tisa walijaribu kutoroka usiku na wakapigwa risasi. Wake zao walipokwenda kuomba maiti waliambiwa hakuna maiti. Walirudi kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne mluzi ulipigwa, wakakaa chini langoni mwa kambi kutoka asubuhi mpaka alasiri, juani, na hakuna aliyerudi tena kuuliza.

Mwaka 1955 marehemu alishtakiwa kwa vifo hivyo mbele ya mahakama ya kijeshi Nairobi. Shauri lilisikilizwa siku tatu. Kule kwao wengine walimwandikia barua za kumsifu, na mchungaji mmoja akaandika gazetini kwamba jina la mtu huyo ni aibu kwa farasi wake. Mahakama ilimwona hana hatia, kwa kuwa hakukuwa na maiti. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akawa meja. Wasifu wa Kiingereza unasema alitumikia Kenya kwa sifa. Kuhusu sifa hizo, watu wa Kithangone hawakuulizwa.

Tarehe 8 Juni 1957 alimwoa Daphne, binti wa setla wa Timau. Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, walihamia Australia, wakanunua ardhi Minto Heights, kusini-magharibi ya Sydney. Alifuga farasi, akafundisha watoto wa matajiri kupanda. Mwaka 1972 alizaliwa mtoto wao wa pekee, Patrick. Majirani walimjua marehemu kama mzee mnyoofu asiyechelewa popote, aliyevaa tai hata akienda kununua misumari.

Kawira aliingia katika nyumba hiyo mwaka 2004, alipoolewa na Patrick. Alikuwa ametoka Meru miaka mitatu kabla, kusomea uuguzi. Mkwewe alimpokea kwa Kiswahili cha masetla, kile cha amri.

"Wewe natoka Meru? Mimi najua Meru. Mvua mingi. Muzuri."

Kawira alicheka. Alidhani ni mapenzi ya mzee kwa nchi aliyoiacha. Kijana wake alipozaliwa mwaka 2010, akimfuata dada yake Nella, alifuata desturi ya kwao inayosema mtoto wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu wa upande wa baba. Akamwita Lionel. Mama yake, Nkirote, alifurahi kule Meru, akachinja kuku, akalitamka jina hilo geni kwa shida mpaka likakaa ulimini.

Patrick ameomba jambo moja lisiachwe, nalo ni la kweli. Mwezi Julai 2012 farasi jike wa marehemu, aliyeitwa Juniper, alipatwa na maumivu ya tumbo. Marehemu, akiwa na miaka themanini na mitatu, alikaa naye zizini siku tatu, mvua ikivuja shingoni mwake, akimtembeza, akimwimbia kwa sauti ya chini. Farasi alipokufa, mzee alimfunika kwa koti lake la jeshi, akakataa kula. Siku ile Kawira alimwambia mumewe kwamba mtu anayemlilia mnyama namna hii ana moyo. Hakukosea. Moyo alikuwa nao. Baadaye ndipo ilipojulikana alikuwa akiuweka wapi.

Daphne alifariki mwaka 2015. Mwaka 2017 marehemu alipata kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kulia, na Patrick na Kawira wakahamia Minto Heights kumtunza. Kawira aliendelea na kazi ya uuguzi, na siku tatu kwa wiki alikuja mlezi, Honorine, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye wengi hapa mnamjua kwa sauti yake ya kwaya. Akili ya marehemu ilikuwa timamu. Alisoma gazeti zima kila siku na kusahihisha makosa ya uchapaji kwa kalamu.

Siku ya Krismasi 2019, baada ya chakula, Kawira alimpigia mama yake kwa video. Nkirote, akiwa na miaka sabini na miwili, alikuwa akiwatazama wajukuu na kuwacheka kwa nguo zao fupi za msimu wa joto. Nyuma yao, barazani, marehemu akamwita mbwa wake. Akapiga mluzi, mmoja mrefu, miwili mifupi.

Simu ya Meru ilianguka. Kilichoonekana kilikuwa dari tu. Kawira aliita, "Mama? Mama, uko?" Sauti ya mama yake ikaja kutoka chini, ndogo.

"Nimekaa chini."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka. Nimekaa." Kisha: "Huyo mzee wenu. Alikuwa na farasi, huku kwetu?"

Kawira alitazama barazani. Mkwewe alikuwa akimpapasa mbwa masikio.

"Kawira. Umempa mjukuu wangu jina la mtu yule."

Tangu siku hiyo Nkirote hakulitamka tena jina la mjukuu wake. Humwita "kijana wangu" tu, na kijana ameuelewa ukimya huo kuliko walivyodhani wakubwa.

Jioni ile ile Kawira alimuuliza mkwewe. Hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza kitu kimoja tu, alichoombwa na mama yake, na ambacho aliendelea kukiuliza kwa muda wa karibu miaka mitano: watu tisa wa Kithangone wamezikwa wapi?

Marehemu alimtazama kwa utulivu. "Mimi hapana kumbuka," alisema.

Wiki iliyofuata aliomba pipa la chuma liwekwe nyuma ya zizi, akamwambia Patrick amletee daftari zake nyeusi, zote arobaini na tatu. Patrick hakujua zina nini. Alimbebea baba yake kama alivyobeba vitu vyake vyote tangu utotoni, akasimama kando akitazama moshi. Kawira alirudi kutoka shifti ya mchana akakuta majivu bado ya moto. Kuanzia hapo, mahali walipolala watu tisa palikuwa pamebaki katika kichwa kimoja tu duniani, na kichwa hicho kilikuwa na miaka tisini.

Basi Kawira alikitunza. Wapo waliomlaumu, na aliyemlaumu waziwazi ni Honorine, jikoni, mikono kiunoni.

"Mama Nella, mie siwezi kukuelewa. Ule muzee aliua babu yako, na wewe unamukatia kucha?"

"Akifa leo, nitamuuliza nani?"

"Uliza! Lakini chai umupe baridi."

"Nikimpa baridi ataniona namchukia. Akiona namchukia atafunga mdomo."

"Na haumuchukii?"

Kawira alikuwa akikanda unga. Aliukanda muda mrefu. "Dada Honorine, usiniulize swali la kanisani huku nyumbani."

Alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani asipate vidonda. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa ukali, akamuuliza kwa barua aliyoiweka kwenye sinia ya kifungua kinywa. Mara moja alimweka mama yake kwenye simu, na bibi yule akamwambia kwa Kiswahili kizuri, bila kupandisha sauti, "Mzee, mimi sikudai kitu. Nataka kumfunika baba yangu." Marehemu alisahihisha matamshi yake ya neno moja, akarudisha simu. Kwa Patrick alisema, "Mkeo ana tabia ya kuchimba." Patrick alicheka, kisha akatoka nje, na hakurudi ndani mpaka chakula kikapoa.

Mwezi Oktoba 2024 marehemu alilazwa hospitali Liverpool kwa ugonjwa wa mapafu. Alhamisi ya tarehe 17, saa nne asubuhi, Kawira na Honorine walikuwa kando ya kitanda chake. Kawira alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka. Hakupanga alichokisema. Alimgeukia Honorine na kumwambia kwa Kiswahili, kana kwamba mgonjwa hayupo, kwamba kule kwao wazee husema mambo yalikuwa rahisi. Bwana Mluzi alipoona maiti aliingiwa na hofu. Alipanda farasi akakimbia, akawaachia askari kazi ile, nao wakazitupa ovyo porini, fisi wakala. Ndiyo maana hajui. Hakuwapo. Aliogopa.

Honorine, ambaye hakuwa amefundishwa kitu, alisonya. "Ah! Basi alikuwa muoga tu. Na zile medali zote?"

Kitanda kilitikisika. Marehemu alikuwa amejiinua kwa mkono wake mmoja.

"Uongo," alisema. "Hapana fisi. Mimi nasimama pale. Mimi nasimama mpaka kwisha. Mimi napima!"

Akaomba kalamu. Kwa mkono wa kushoto, nyuma ya karatasi ya kuchagulia chakula cha hospitali, alichora kambi: lango, mlingoti wa bendera wenye kitako cha saruji, zizi refu. Kutoka kwenye mlingoti alivuta mstari kuelekea mlimani, akaandika hatua sitini. Akavuta mwingine kwenda kulia, akaandika kumi na mbili. Pale alipoishia aliweka alama, ndani ya zizi, chini ya sakafu ya farasi. Alieleza kwa Kiingereza safi sababu ya kuchagua mahali pale: kwato za farasi ishirini na wawili zingeushindilia udongo kwa siku mbili, na hakuna mtu ambaye angeona pamechimbwa. Aliieleza kazi hiyo kama mtu aelezavyo daraja alilolijenga vizuri. Kisha akalala, ametosheka.

Aibu haikumsemesha. Alisema kwa sababu hakuweza kuvumilia kuitwa mtu mzembe. Wasifu huu unalitaja jambo hilo ili asije mtu akasema kwamba mwishoni alitubu.

Mwezi Desemba alipatwa na kiharusi cha pili, hakusema tena. Pale Kithangone mahali pa kambi pamekuwa uwanja wa mnada wa mifugo. Zizi halipo, lakini kitako cha saruji kipo, na wauza mbuzi hukikalia. Kaka yake Kawira, Mwenda, alipeleka mchoro kwa chifu, kibali cha mahakama kikapatikana, na tarehe 21 Januari 2025, mbele ya polisi na mtaalamu wa mifupa kutoka Nairobi, akapima hatua sitini kuelekea mlimani na kumi na mbili kulia. Walichimba siku mbili. Walipata mawe, mizizi, na kopo la mafuta.

Mwenda alipiga simu akiwa bado uwanjani. "Hamna kitu, dada. Mama amekaa kwenye kiti alicholetewa, hataki kuondoka. Anasema mtu yule amemdanganya hata akiwa amekufa nusu."

Kawira alikwenda chumbani kwa mkwewe na ile karatasi. Akaiweka mbele ya macho yake. "Hamna kitu," alisema. Macho ya mzee yalikwenda kwenye karatasi, yakakaa hapo, na upande mmoja wa mdomo wake ukainuka. Kawira alilitambua: ni tabasamu la mtu anapomwona mwanafunzi amekosea hesabu. Alitoka chumbani akakaa kwenye ngazi. Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote hakumpelekea chai. Chai alipelekewa na Honorine.

Aliyefumbua jambo hilo ni Patrick. Kwa miaka mitano alikuwa hataki kuisikia habari hiyo, na karatasi ilipokuja hakutaka kuiona. Jumapili ya tarehe 9 Machi aliikuta mezani, akaisogeza ili aweke sahani, akasimama nayo mkononi.

"Mwenda alipimaje?"

"Kwa miguu. Hatua sitini. Nimekuambia."

"Miguu ya nani?"

"Yake! Ulitaka apime kwa ya nani?"

Patrick aliketi polepole. "Baba hakuwahi kuhesabu kwa miguu ya mtu, Kawira. Alinifundisha kuhesabu nikiwa na miaka mitano, nimekaa mbele yake juu ya tandiko. Hatua ni ya farasi. Mpaka kwato ileile irudi chini, ndiyo moja."

Hawakumaliza kula. Walitoka wote wawili wakaenda kwenye uwanja wa farasi. Farasi aliyebaki ni mmoja, Hazel, jike mzee mwenye goti bovu. Patrick alimtembeza kwenye mchanga uliolowa, Kawira akifuata na futi ya kupimia, akiinama kwenye kila alama ya kwato ya nyuma ya kushoto. Walipima hatua ishirini, wakagawanya. Kila hatua ilikuwa mita moja na sentimita sabini. Mke alikuwa amepiga magoti mchangani na mume ameshika hatamu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hesabu inafika wapi. Ndipo Patrick akasema, akitazama pembeni, "Mita mia na mbili. Halafu ishirini na nusu, kidogo chini. Mpigie kaka yako."

Tarehe 6 Mei 2025, saa tano asubuhi, kwa kina cha mita moja na nusu, walipatikana.

Walikuwa tisa. Kamba ilikuwa imeoza lakini mikono ilikuwa bado nyuma. Mifupa ilikuwa imechanganyika kwa uzito wa miaka na kwato, na mtaalamu akasema kumtenga kila mtu kwa hakika kutachukua muda mrefu, na huenda kusiwezekane. Familia zilikutana zikakubaliana yafanywe majeneza tisa, na kila jeneza lipewe kilichoweza kukusanywa. Walizikwa Jumamosi ya tarehe 12 Julai. Kawira alisafiri. Nkirote hakuambiwa jeneza la baba yake ni lipi, kwa kuwa hakuna aliyejua. Alisimama mbele ya la kwanza, akaweka kiganja juu ya ubao, akasema, "Baba, ni mimi." Akaenda la pili. Alisema hivyo mara tisa. Na watoto wa wale wengine, wazee wenye mikongojo, walipomwona, nao wakapanga mstari nyuma yake, kila mmoja akisema la kwake, mara tisa, mpaka alasiri.

Kawira alirudi Sydney tarehe 20 Julai. Aliingia kwa mkwewe kabla hajavua koti, akamwambia kwamba wamepatikana na wamezikwa, akamtajia majina yote tisa, polepole, kama anavyotajiwa mgonjwa dawa zake. Marehemu alisikiliza, kisha akageuzia uso ukutani. Wiki hiyo hakutaka kula. Alifariki nyumbani Minto Heights Jumatatu ya tarehe 28 Julai 2025, saa kumi na dakika kumi alasiri, akiwa na miaka tisini na sita. Kawira na Honorine walimwosha.

Kulikuwa na ubishi kuhusu wasifu huu, na si siri. Patrick aliusoma kwa msaada wa binti yao, Nella, aliyemtafsiria mstari kwa mstari, na mwisho wake akasema, "Hakuna mtu anayesoma mambo haya makaburini."

"Kwetu wasifu husomwa kaburini," Kawira alisema. "Wasikilizaji wote wakiwapo. Uongo ukisemwa pale, udongo unafunikwa juu yake, na anayetaka ukweli inabidi achimbe. Patrick, familia yangu imeshachimba mara mbili."

Patrick alisema, "Ni baba yangu."

"Najua. Ndiyo maana nimemwandika vizuri kuliko alivyowaandika wao."

"Muweke Juniper," akasema. "Na zile siku tatu za mvua."

Amewekwa.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Patrick, mkwe, Kawira, na wajukuu wawili, Nella na Lionel. Ameacha farasi mmoja. Kule Kithangone ameacha watoto kumi na wanne, walio hai bado, wa watu tisa. Mmoja wao ni Nkirote binti M'Ringera, mwenye miaka sabini na minane, ambaye yuko kwenye simu, na ambaye aliulizwa jana kama ana neno la kuongeza. Alisema, "Mwambieni fundi aandike kaburi lake vizuri. Mtoto wa mtu asije akamtafuta."

Limeandikwa. Anazikwa leo, Ijumaa tarehe 8 Agosti 2025, saa nane mchana, safu ya nane, kaburi namba mia moja na tatu. Jina lake limechongwa kamili, pamoja na cheo, tarehe alipozaliwa na tarehe alipofariki. Majina ya watu tisa yamechapishwa ukurasa wa mwisho wa programu hii, na mnaombwa kuyasoma kwa sauti kabla udongo haujaanza kutupwa. Wasifu huu haumwombei msamaha, kwa kuwa yeye hakuuomba, na wenye kuutoa wako mbali na wana shughuli zao. Amelala mahali panapojulikana.

Apumzike, nasi tupumzike.